Nusu ya Sarafu

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Mathayo 2:16-18, pale Herode anapoua watoto wa Bethlehemu, tumezoea kuisoma Desemba 28, sikukuu ya Watoto Mashahidi, kisha tunaiacha mpaka mwaka mwingine. Wiki hii naomba tukae nayo.

Huko Florence, Italia, kuna nyumba ya kale ya kulelea watoto yenye jina la hao wa Bethlehemu: Innocenti, wasio na hatia. Mtoto wa kwanza alipokewa mwaka 1445, binti aliyeitwa Agata Smeralda. Baadhi ya akina mama walioshindwa kulea walikata sarafu au medali vipande viwili. Kimoja alifungiwa mtoto, kingine alibaki nacho mama, ili siku akirudi vilinganishwe na mwana ajulikane ni wake.

Kitengo cha utafiti cha UNICEF kilianzia katika jengo hilohilo. Mwaka 2017 kilipima hali ya watoto katika nchi 41 zenye uwezo kwa Malengo ya Maendeleo Endelevu, yale 17 yanayotakiwa kutimia ifikapo 2030. Sisi tukisikia mtoto wa ndugu yetu kazaliwa Ulaya au Marekani, husema, "Huyo ameshapona." Kumbe huko mtoto 1 kati ya 5 alikuwa katika umaskini wa kipato ukilinganisha na wenzake wa nchi hiyo, na 1 kati ya 8 hakuwa na uhakika wa chakula. Marekani ilikuwa ya 37. New Zealand, nchi ya maziwa na kondoo, iliongoza kwa vijana wa miaka 15 hadi 19 wanaojiua.

Hilo la mwisho limeninyima usingizi. Njaa tunaijua sura yake. Lakini kijana mwenye shule, hospitali na barabara nzuri, anakata tamaa ya kuishi, na waliomzunguka hawakuona?

Herode alikuwa na kasri, Herodium, juu ya kilima kinachoonekana kutoka Bethlehemu. Utajiri ulikuwa jirani kabisa na wale watoto. Mathayo hata idadi yao haitaji. Anatuachia kilio cha Raheli, asiyekubali kufarijiwa.

Vile vipande bado vimehifadhiwa Florence, kila kimoja kwenye droo yenye jina la mtoto. Kwa hiyo wiki hii tuwaombee watoto wetu kwa majina, na walio ng'ambo tusiwaruke. Jumapili nilimpigia mpwa wangu aliye Uingereza. Sikumuuliza masomo, nilimuuliza analalaje. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjomba, una muda?"