Repo zangu zote, diski moja

Leo stima haikukatika na mtandao ulikuwa mzuri, na huku Lamu viwili hivyo vikikutana haviachwi vipite. Nimekaa barazani, Mkomani, nikamaliza skripti ya bash (faili ya amri za kompyuta) ya kuteremsha repo zangu zote, yaani folda za msimbo pamoja na historia yake, kutoka GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya programu.

Yenyewe ni fupi. Amri ya curl inaiomba API ya GitHub, mlango ambao programu huombea data, orodha ya repo kwa tokeni yangu, yaani ufunguo wangu wa siri; amri ya jq inachuja anwani, kitanzi cha while kinazipitia moja moja. Pa kuangalia ni kurasa. Usipotaja idadi, API inakupa repo 30 tu, na hata ukiomba zaidi, ukurasa mmoja hauvuki 100. Hailalamiki. Skripti inamaliza salama salimini nawe unalala ukidhani umebeba zote. Yangu inaendelea kuomba ukurasa unaofuata mpaka ipewe orodha tupu.

Kunakili nimetumia git clone --mirror, amri ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Inabeba kila tawi (mkondo wa kazi) na kila lebo (alama ya toleo) kama vilivyo kule, bila kufungua faili za kufanyia kazi, na ndivyo nitakavyo, kwa sababu hii ni akiba. Skripti ikikuta folda tayari ipo, inapiga git remote update, inayoleta yaliyoongezeka tu. Anayeishi kwa bando anajua raha yake. Wengi huongeza --prune. Mimi nimeiacha makusudi. Tawi likifutwa kule, prune inalifuta na huku. Sasa akiba gani hiyo?

Kijana wa jirani, ambaye huja kujifunza kwangu, akauliza: “Kaka, si viko salama kule? Mitambo yao mikubwa kuliko Lamu nzima.” Mitambo sikatai, nikamwambia, lakini mlango wa kuingilia ni akaunti, na akaunti hufungwa. Linus Torvalds alipoanzisha Git mwaka 2005 aliijenga hivi kwamba kila nakala ina historia nzima; kuiacha nakala moja tu, tena mikononi mwa watu wengine, ni kuidharau kazi ile. Akacheka, kisha akaniomba tokeni yangu. Nikamwambia atengeneze yake.

Kilichobaki ni mijadala ya hitilafu, ambayo clone haiigusi kabisa. Wiki, kurasa za maelezo ya mradi, ni nafuu, ina repo yake pembeni. Mijadala lazima ivutwe kwa API, na kwenye mradi wangu mmoja ina maelezo mengi kuliko msimbo wenyewe. Hiyo ni skripti nyingine. Kesho kutwa, inshallah, bando likisalia.