Nimerudi kwenye kalibu: kusubu chubwi za risasi upya

Kalibu zangu, yaani vyombo ninavyomiminia madini ya risasi yaliyoyeyuka ili kusubu chubwi, vile vizito vya kuzamishia mshipi wa kuvulia samaki, zilikaa muda mrefu zimeviringishwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Niliacha kusubu pale nyumba ilipopata mtoto anayetambaa. Mtoto wa umri ule hutia kila kitu mdomoni, na vumbi la risasi halionekani kwa macho. Sasa amekua, nimepata banda lililo mbali na nyumba, na hamu ya kazi hii haikuwahi kuniisha. Naandika kadiri ninavyoendelea, kwa ajili ya wavuvi wenzangu wanaofikiria kuanza au kurudi.

Kwa nini risasi? Sentimita moja ya ujazo ya madini haya ina gramu 11.34, na jiwe la kawaida lina gramu 2.7 hivi. Ukivizamisha baharini, chubwi ya gramu 100 bado inavuta mshipi kwa uzito wa gramu 91 hivi, ilhali jiwe la gramu 100 linabakiwa na 62 tu, tena ni bonge linalosukumwa na mkondo. Halafu risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327.5 za Selsiasi, joto ambalo jiko la gesi hulifikia bila kuhangaika. Madini mazito kiasi hicho na mepesi kuyeyuka kiasi hicho ni ya kuhesabu.

Kabla ya moto

Nimeanza na mahali. Banda liko wazi pande mbili, na nimeliweka jiko ili upepo unipige mgongoni na kuupeleka moshi mbele. Watu wengi huogopa mvuke wa risasi, lakini kwenye nyuzi 400 mvuke huo ni kidogo mno, maana risasi huchemka kwenye nyuzi 1,749. Kinachonitia wasiwasi mimi ni ule unga wa kijivu unaojitengeneza juu ya risasi iliyoyeyuka. Ni mwepesi, hurushwa na upepo mdogo, hukaa kwenye nywele, mikunjo ya shati na nyayo za viatu, kisha huingia nyumbani na wewe bila kubisha hodi. Kwa hiyo sakafuni nimetandika karatasi ya chuma ninayoipangusa kwa kitambaa kibichi baada ya kazi, kila kitu kikishapoa. Ufagio haugusi banda lile kabisa. Nina shati na suruali za pamba za kazi hii tu, zinafuliwa peke yake, na viatu havivuki mlango wa banda. Siku ya kusubu sili wala sinywi humo ndani, na hakuna mtoto wala mjamzito anayekaribia, kwa sababu risasi huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Nimepima pia kiwango cha risasi kwenye damu kabla ya kuanza, ili niwe na namba ya kulinganishia baadaye. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Risasi iliyoingia kwenye damu hupungua kwa nusu kwa mwezi mmoja hivi, lakini iliyofika kwenye mifupa hukaa miongo. Anayeona kipimo hiki ni usumbufu, namsihi asiwashe jiko.

Kusafisha vyuma chakavu

Malighafi yangu ni balansi za magurudumu, vile vizito vidogo vinavyobanwa kwenye gurudumu la gari lisiyumbe, zilizotolewa kwenye magurudumu ya zamani. Zamani karibu zote zilikuwa za risasi iliyochanganywa kidogo na antimoni, madini mengine. Siku hizi ndani ya ndoo moja utakuta za zinki na za chuma zimejichanganya. Nyingine zina alama ya Zn au Fe, nyingi hazina. Njia yangu ni koleo la kukatia waya: nikibana, risasi inaacha meno yaingie, zinki inagoma. Ukiziangusha kwenye saruji pia utasikia, risasi hutoa kishindo kizito kisicho na mlio na zinki hulia kama sarafu.

Uchambuzi wa mkono hauwezi kunasa zote, ndiyo maana kipimajoto ni cha lazima. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419.5. Nikiiweka sufuria ya chuma kizito kati ya nyuzi 360 na 390, kipande cha zinki kilichoponyoka hakiyeyuki. Kinaelea juu pamoja na vibanio vya chuma vya balansi, nami navichota vyote kwa mwiko wenye matundu. Joto likipita hapo, zinki inayeyukia ndani ya risasi, na risasi inakuwa nzito kama uji na haiingii tena kwenye kona za kalibu.

Vikishatoka, natupia kipande cha nta ya nyuki chenye ukubwa wa njegere. Moshi unapanda, nauwasha kwa kiberiti kirefu ili uungue badala ya kusambaa, kisha nakoroga taratibu hadi chini nikikwangua kuta. Hapo ndipo napenda kusimama na kutazama. Lile ganda la kijivu lenye uchafu linavunjika na kuwa unga mkavu mweusi. Ukiusogeza pembeni unaona risasi safi inang'aa kama kioo, ukiona mpaka kivuli cha mwiko wako. Kioo hicho hakidumu. Utando wa manjano unatambaa kutoka ukingoni, na joto likiwa juu unageuka zambarau na buluu. Rangi hizo zikitokea haraka, napunguza moto.

Unga mweusi unaingia kwenye kopo la bati lenye kifuniko, limeandikwa kwa rangi nyekundu, na litapelekwa panapopokelewa taka za sumu. Haumwagwi shimoni.

Betri za magari siziyeyushi. Zina asidi, na bamba zake zina viungo ambavyo vinaweza kutoa gesi za arseniki na antimoni zinazoua. Ziende kwa wenye mitambo yao.

Maji

Hili nalipa nafasi yake. Tone la maji likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huchukua nafasi mara 1,700 hivi ya maji yaliyokuwepo. Matokeo yake sufuria nzima inarukia uso wako. Kwa hiyo kila kipande kinachoongezwa kinakaa kwanza kwenye ukingo wa sufuria hadi kiwe cha moto na kikavu, mwiko vilevile. Mvua ikinyesha kwa upepo sisubu. Kwa ajili ya moto nina ndoo ya mchanga mkavu, na kitambaa changu kibichi kinakaa nje mpaka jiko lizimwe. Glavu za ngozi, ngao ya uso juu ya miwani, mikono mirefu, viatu vilivyofunikwa. Nguo za nailoni hazifai, maana huyeyukia mwilini.

Kalibu

Nina mbili za alumini: moja ya piramidi za kuvulia kwenye mchanga, kwa kuwa kona zake hujichimbia na kushika, na moja ya umbo la peasi kwa penye miamba, ambayo huteleza bila kunasa. Nimezisafisha mafuta kwa spiriti, nikaziacha zikauke, kisha nikapitisha vyumba vyake juu ya moshi wa mshumaa hadi vikapata masizi mepesi. Masizi hayo huisaidia risasi kutiririka na chubwi kutoka bila kung'ang'ania.

Anayeanza huwa anaongeza moto wa sufuria chubwi zikitoka mbaya. Mimi naangalia kalibu kwanza. Kalibu baridi hutoa chubwi zenye mikunjo na kona butu, kwa sababu risasi inaganda kabla haijafika mwisho, hata kama imemiminwa kwenye nyuzi 400. Naipasha kalibu ukingoni mwa jiko, kisha naendelea kumimina na kurudisha zile za kwanza sufuriani bila kuzionea huruma. Polepole mikunjo inapungua, kona zinachongoka, na inafika chubwi moja ambayo ukiigeuza unaona hata mstari wa patasi ya aliyechonga kalibu. Kuanzia hapo ni mwendo tu: weka kitanzi cha waya wa chuma kisichoshika kutu, funga, mimina, subiri, fungua. Ukichelewa inapoa, ukiharakisha inazidi joto na chubwi zinatoka na uso mweupe usiong'aa. Weupe huo hauharibu chubwi ya kuvulia, ila unanijulisha nipumzishe kalibu.

Kumimina kwenyewe kuna siri moja. Risasi ikiganda inasinyaa kwa asilimia 3.5 hivi. Mdomo wa kalibu ukiachwa bila akiba, katikati ya chubwi panabaki shimo, na uzito unapungua. Naacha kilima kidogo cha risasi juu ya tundu na kukitazama. Kinang'aa, kinang'aa, halafu ghafla kinafifia na katikati yake panabonyea. Kikishabonyea, nahesabu kimoyomoyo kidogo na kufungua. Kilima kinakatwa kwa koleo na kurudi sufuriani.

Piramidi za safari hii zimetofautiana kwa gramu moja au mbili tu kwenye mizani. Nimefurahi sana.

Chubwi ndogo

Uamuzi mmoja nimeufanya kwa moyo wote: chubwi ndogo sitazisubu tena kwa risasi. Uingereza ilipiga marufuku kuuza chubwi za risasi za kati ya gramu 0.06 na 28.35 mwaka 1987, kwa sababu bata maji walikuwa wakizimeza pamoja na changarawe wanayotumia kusagia chakula, na moja tu inatosha kumuua ndege. Denmark ilikwenda mbali zaidi. Chubwi kubwa ndege hamezi, lakini zile za kubana kwenye mshipi hudondoka na kupotea kila siku, na mvuvi hajui zimeishia wapi.

Badala yake najaribu mchanganyiko wa madini mawili, bismathi asilimia 58 na stani (bati) 42, unaoyeyuka kwenye nyuzi 138 tu. Ni mwepesi kuliko risasi na mgumu, haubaniki kwa meno ya koleo, kwa hiyo nitausubu kwenye vyumba vyenye tundu la kupitisha mshipi. Una sufuria yake, mwiko wake na kalibu yake. Risasi ikiuingia, yale madini matatu pamoja huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 96 hivi, yaani chini ya maji yanayochemka, na chubwi inakuwa na sumu ileile niliyotaka kuikimbia. Kalibu hiyo bado naichonga kwenye jiwe la sabuni, lile jiwe laini la kuchongea vinyago. Upande mmoja umekamilika, na wa pili unasubiri mifereji ya kutolea hewa.