Mama wa mtoto wa 1819

Leo nimeshinda kwenye hifadhi ya nyaraka ya Norwich, mji wa mkoa wa Norfolk huku Uingereza, nikifuatilia ukoo wa mume wangu. Ni watu wa kijijini Norfolk, vibarua wa mashamba kizazi baada ya kizazi. Wanangu wanawajua babu zao wa Tanga kwa majina, na nataka wawajue hawa pia.

Madaftari ya ubatizo ya Uingereza yaliamriwa na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, mwaka 1538. Kwa karne nyingi kila kasisi aliandika alivyoona yeye, na mara nyingi utakuta tu "fulani, mwana wa fulani", mama hayumo kabisa. Hilo limeniuma. Aliyebeba mimba miezi tisa hakupewa hata neno moja! Mambo yanabadilika 1813, zilipoanza fomu zilizochapwa, watoto wanane kwa ukurasa: jina la mtoto, la baba na la mama, wanakokaa, kazi ya baba, na kasisi aliyebatiza.

Ndipo nikafika 1819. Pa wazazi pana jina moja, la mwanamke. Pa kazi pameandikwa kwamba hajaolewa.

Nimeurudia mstari huo mara nyingi. Binti huyu alimpeleka mwanawe kanisani mbele ya watu waliomjua tangu utotoni, kasisi akaandika hali yake mahali ambapo wenzake waliandikiwa kazi za waume zao. Na mtoto ana jina la katikati ambalo ni la ukoo, ila si la ukoo wa mama. Wanaofuatilia nasaba huku wanaijua dalili hiyo: mara nyingi ni ukoo wa baba. Naamini binti alimtaja makusudi, kwa njia pekee aliyoachiwa.

Uthibitisho, kama upo, utatoka kwenye hesabu za fedha za parokia. Mtoto asiye na baba wa kumlisha alitunzwa kwa fedha za parokia, kwa hiyo wasimamizi wa maskini, waliogawa fedha hizo, walikuwa wakimhoji mama, kisha wakimfuata baba alipe matunzo. Baadhi ya karatasi za mahojiano hayo zimesalia hadi leo. Nimeshaomba boksi la kijiji chetu, nitalipitia kesho.

Jina la baba likipatikana nitaliandika. Lakini wanangu nitawahadithia habari za bibi yao huyu kwanza.