Namna nilivyowapatia wazee wa Scarborough chaneli za Kichina bila kuvunja sheria

Mwaka 2005 nilikuwa mratibu wa shughuli za wakazi katika nyumba moja ya wazee huko Scarborough, mashariki ya Toronto, upande wa Agincourt ambako mabango ya maduka mengi yameandikwa Kichina kwa herufi kubwa na Kiingereza kwa herufi ndogo chini yake. Zaidi ya nusu ya wakazi wetu walikuwa Wachina, na wengi wao walitoka Hong Kong na Guangdong, hivyo lugha yao ilikuwa Kikantoni na chaneli yao ilikuwa Fairchild, ambayo ni ya Kanada hiyo hiyo na iliwaka sebuleni tangu chai ya asubuhi hadi saa tatu usiku. Waliosalia, wanane kwa hesabu yangu, walitoka kaskazini mwa China na lugha yao ilikuwa Kimandarini. Hao walikaa mbele ya televisheni kama wageni kwenye harusi ya watu wasiowafahamu: wenzao wakicheka nao hutabasamu, kisha huaga mapema na kurudi vyumbani.

Siku moja mzee mmoja wa Harbin, mji wa kaskazini mwa China, mwalimu mstaafu ambaye hakuacha kunikosoa matamshi kila nilipomsalimu kwa lugha yake, alinijia ofisini na kipande cha karatasi kilichoandikwa "CCTV-4" tu. Hiyo ni chaneli ya televisheni ya taifa ya China inayowalenga Wachina waishio ng'ambo. Sikuhitaji mkalimani. Mimi mwenyewe, mzaliwa wa Tanga, nilikuwa nikiamka kabla ya zamu ili nisikilize matangazo ya Kiswahili kwenye intaneti, na mara nyingi habari zenyewe zilinipita; nilichokitafuta ni sauti ya mtu anayezungumza bila kupunguza mwendo kwa ajili yangu. Nikamwahidi mzee kwamba nitaishughulikia, nikidhani ni suala la kupiga simu kwenye kampuni ya kebo na kuongeza kifurushi.

Kampuni ilinijibu kwamba haina chaneli hiyo na wala hairuhusiwi kuwa nayo. Kabla sijaelewa maana ya neno "hairuhusiwi", mtoto wa yule mzee alifika Jumamosi na dishi kwenye buti la gari. Alinieleza mpango wake kwa adabu zote. Huko Marekani, kifurushi kiitwacho Great Wall, kilichokusanya CCTV-4 pamoja na chaneli za mikoa mbalimbali ya China, kilikuwa kimeanza kuuzwa kwa njia ya setilaiti tangu Oktoba 2004, na mawimbi ya setilaiti hayasimami mpakani kuonyesha pasipoti. Alikuwa na binamu Buffalo, upande wa Marekani, ambaye jina na anwani yake vingetumika kufungulia akaunti, na king'amuzi chenyewe alikuwa nacho ndani ya begi. Aliniambia kuwa kila mtu anafanya hivyo, na kwa mtaa ule sidhani kama alitia chumvi sana.

Nilimwomba wiki moja. Nashukuru niliiomba, kwa sababu katika wiki hiyo nilisoma kwa mara ya kwanza hukumu ya Mahakama ya Juu ya Kanada ya tarehe 26 Aprili 2002, katika kesi ambayo kampuni ya televisheni ya setilaiti ya Kanada, Bell ExpressVu, iliwashitaki watu waliokuwa wakiwasaidia wateja wa Kanada kupata ving'amuzi vya Kimarekani kwa njia hiyo hiyo ya anwani za kuazima. Mahakama ilitamka kwamba sheria ya mawasiliano ya redio inakataza kufungua mawimbi ya kulipia yaliyofungwa, isipokuwa kwa idhini ya yule mwenye haki halali ya kuyauza ndani ya Kanada. Kulipa hakukuwa kinga, maana aliyelipwa alikuwa Marekani, na kwa Kanada hakuwa na haki ya kuuza chochote. Mtu binafsi anaweza kubahatisha juu ya paa la nyumba yake. Nyumba ya wazee, inayokaguliwa hadi jokofu la jikoni, haiwezi. Dishi likarudi kwenye buti, na mzee wa Harbin hakunisemesha kwa siku nne.

Hapo ndipo nilipoanza kuisoma Tume ya Utangazaji na Mawasiliano ya Kanada, inayojulikana zaidi kwa herufi zake CRTC. Jina hilo nilikuwa nimelisikia msikitini mwaka 2004, Tume ilipoiruhusu Al Jazeera ya Kiarabu kwa sharti kwamba kampuni yoyote itakayoirusha iisikilize saa 24, itunze kanda zake na iondoe maneno ya kuchochea chuki. Sharti lilikuwa zito kiasi kwamba hakuna kampuni iliyojitwisha mzigo huo, na ruhusa ikabaki kwenye karatasi. Watu walilaumu sana siku zile. Mimi nililaumu pamoja nao pasipo kujua mfumo wenyewe unavyofanya kazi.

Mfumo ulikuwa hivi. Chaneli ya kigeni haiombi leseni ya Kanada. Tume inatunza orodha ya chaneli za nje ambazo kampuni za kebo na setilaiti zinaruhusiwa kuzisambaza, na isiyokuwemo kwenye orodha haisambazwi. Tena chaneli yenyewe haiwezi kujipeleka mbele ya Tume. Ni lazima ipate mdhamini wa Kikanada, kwa kawaida kampuni ya usambazaji, ambaye ndiye anayewasilisha ombi. Kwa miaka mingi kipimo kikuu kilikuwa kama chaneli hiyo itashindana na ya Kikanada iliyokwisha kupewa leseni, na kwa lugha kama Kichina au Kiitaliano kipimo hicho kilikuwa ukuta, kwa kuwa tayari kulikuwa na chaneli za Kikanada kwa lugha hizo. Kelele za Waitaliano waliotaka RAI, televisheni ya taifa ya Italia, ndizo zilizochangia sana ukuta huo kutikiswa. Tarehe 16 Desemba 2004 Tume ilitoa sera mpya: chaneli za kigeni za lugha zisizo Kiingereza wala Kifaransa, zenye vipindi vya aina zote, zingeruhusiwa kwa wepesi zaidi, lakini pale ambapo ipo chaneli kongwe ya Kikanada ya lugha hiyo hiyo, ile ya kigeni iuzwe tu kwa mteja ambaye ameilipia pia ya Kikanada. Sentensi hii ya mwisho niliisoma, nikaielewa, kisha nikaisahau, na usahaulifu huo ulikuja kunigharimu aibu.

Kwa hiyo sera ilikwisha kufunguka, na kilichobaki ni ombi. Ombi la Great Wall lilipofika mbele ya Tume na wananchi wakaalikwa kutoa maoni, niliwatangazia wakazi kwamba yeyote mwenye la kusema nitamsaidia kuliandika. Nilitarajia barua moja yenye sahihi nane. Mzee wa Harbin alikuja na kurasa tatu za mwandiko mzuri, ambazo mjukuu wake alizitafsiri kwa Kiingereza, na nilichofanya mimi ni kumshauri apunguze historia ya reli ya Harbin na aeleze zaidi hali ya mtu wa miaka 79 ambaye kwa siku nzima hasikii sentensi moja ya lugha yake.

Barua ya pili sikuitarajia. Ililetwa na bibi mmoja wa Guangzhou niliyemwita Popo, kama wajukuu zake walivyomwita, neno ambalo kwa Kikantoni ni bibi mzaa mama. Mpwa wake alikuwa mfuasi wa Falun Gong, kundi la kiroho lililopigwa marufuku na serikali ya China, na Popo aliwahi kuona jinsi televisheni hiyo ya taifa ilivyowasema wafuasi hao. Hakutaka chaneli hiyo iingie kwenye nyumba anayolala. Mjukuu wake alikuwa akitafsiri, lakini mkono wa Popo uliokuwa ukibana ncha ya kitambaa cha meza ulieleza zaidi. Nilimweleza kwamba barua itawekwa kwenye jalada la wazi, na kwamba mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuisoma pamoja na jina lake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama barua ya mzee wa Harbin nayo itawekwa huko huko, na nilipojibu ndiyo, akasema basi na yake iende.

Nikazituma zote mbili siku moja. Msimamizi wangu aliniuliza nyumba inaunga mkono upande gani, nikamjibu kwamba nyumba haina upande, wenye upande ni wakazi. Bado naona lilikuwa jibu sahihi, ingawa nakiri kwamba moyoni nilikuwa upande wa mwalimu.

Uamuzi ulitoka tarehe 22 Desemba 2006, kwa tangazo namba 2006-166. Chaneli tisa za Great Wall ziliingizwa kwenye orodha, CCTV-4 ikiwemo. Tume haikuzifumbia macho barua za upande wa pili: ilieleza wasiwasi wake juu ya yaliyowahi kurushwa na CCTV-4, na ikaonya kwamba maneno ya kuwachochea watu wachukiwe yakijirudia, inaweza kuiondoa kwenye orodha. Nilimsomea Popo sehemu hiyo mara mbili, na mjukuu wake akafasiri. Alitikisa kichwa, akasema onyo si kizuizi. Sikuwa na la kumjibu.

Kifurushi kilipofungwa sebuleni mwaka uliofuata, furaha ya wale wanane ilikuwa kubwa, na bili ya kwanza ikanichefua. Mbali na Great Wall tulikuwa tumetozwa Talentvision, chaneli ya Kikanada ambayo sikuwa nimeiagiza. Niliandika barua kali kwenda kwenye kampuni, nikitumia maneno kama "ujanja" na "wizi wa mchana", na nikatishia kuipeleka mbele ya Tume. Jioni ile, nikiwa natafuta namba ya tangazo ili niinukuu vizuri kwenye malalamiko, nikakutana tena na ile sentensi ya 2004. Talentvision hutangaza hasa kwa Kimandarini. Hatukuibiwa, tulitozwa kama kanuni ilivyotaka. Asubuhi nikaandika barua ya pili, fupi mno, ya kuifuta ile ya kwanza.

Kanuni hiyo sikuipenda, na hata leo siipendi sana, kwa sababu mzigo wa kuilinda biashara ya Kikanada iliubebesha mifuko ya wastaafu. Hata hivyo ni lazima niwe mkweli. CCTV-4 iliwapa wazee wangu opera, tamthilia na hali ya hewa ya miji waliyozaliwa, lakini haikuwaambia lolote kuhusu Toronto. Habari za mahali wanapoishi walizipata kwa Kimandarini kupitia ile chaneli niliyoiita wizi. Mzee wa Harbin, ambaye hadi hapo alikuwa akiniuliza mimi kila jambo la serikali, alianza kunisahihisha.

Ikabaki kazi ambayo Tume haikuwa na kanuni yake: televisheni moja, rimoti moja, na lugha mbili. Niliandaa ratiba ya karatasi, Kikantoni asubuhi na baada ya chakula cha jioni, Kimandarini kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja alasiri, nikaibandika ukutani kwa Kichina na Kiingereza. Ilivunjwa siku ya kwanza. Siku ya tano mtu aliificha rimoti ndani ya chungu cha ua, na hadi leo ninamshuku mtu mmoja tu. Kilichosaidia hatimaye ni king'amuzi cha pili katika chumba kidogo kilichokuwa stoo ya viti vya magurudumu, ambacho nilikipigania kwenye bajeti kwa miezi mitatu. Great Wall ikahamishiwa huko, ikawa na mlango unaofungwa, na Popo akaweza kukaa sebuleni bila kuisikia sauti asiyoitaka.

Mlango wa kile chumba ulikuwa mkabala na sebule. Mzee wa Harbin alikuwa kiziwi kidogo na alipenda sauti ya juu, kwa hiyo nilimnunulia vipokea sauti vya masikioni vyenye waya mrefu. Kila alasiri, kabla hajaketi, Popo alikuwa akichungulia pale mlangoni kuhakikisha kwamba ameshavivaa, na yeye, bila kugeuka, alikuwa akivigusa kwa kidole kimoja kumwonyesha.