Nimerudi Mtongwe kabla ya kiapo

Ahadi ilikuwa nirudi na sare nyeupe na cheo begani. Nimerudi nachechemea. Mafunzo ya uafisa wa jeshi la majini la Marekani, kule Newport, Rhode Island, ni ya wiki 13. Yangu yalikatika njiani, mfupa wa muundi ulipoingia ufa kwa mbio za kila alfajiri. Si kosa la mtu. Nikaambiwa nikapone, kisha niombe upya. Mamangu akasema, njoo upone huku. Ameshawatangazia majirani kwamba mimi ni afande. Nimemsihi asubiri kiapo.

Mtongwe yetu ya Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mnaijua, sina haja ya kueleza. Reli mpya ya SGR, bustani ya ufuoni ya Mama Ngina iliyopambwa, nyumba za mjini kupakwa nyeupe na buluu, madaraja ya Dongo Kundu: vyote nimeviona na vinapendeza.

Kinachoninyima usingizi ni maji. Niliwauliza wapwa zangu na wenzao, watoto waliozaliwa hatua chache kutoka ufuoni, nani kati yao anajua kuogelea. Wakatazamana. Nikauliza kuhusu feri ya Mtongwe. Mmoja tu alikuwa amewahi kusikia, tena kwa mbali.

Asubuhi ya 29 Aprili 1994, watu wa huku wakivuka kwenda kazini kisiwani, feri ya kubeba abiria 300 ilipakia kama 400. Ikapinduka mita 40 hivi kutoka gatini. Wakafa watu 272. Hivi jambo kama hilo linasahaulikaje mtaani kwetu, na wazee waliozika bado wako hai?

Sasa sikieni. Mtihani wa kuogelea wa daraja la chini kabisa katika jeshi lile ni huu: unaruka kutoka juu, unaogelea yadi 50, unaelea kifudifudi dakika 5, kisha unajaza hewa kwenye nguo zako zikushikilie. Yadi 50 ni kama mita 45. Niliposimama ukingoni mwa bwawa nilikuwa naiona Mtongwe, ile mita 40. Wenzangu kutoka majimbo yasiyo na bahari walifundishwa mpaka wakaweza. Sisi bahari iko mlangoni.

Najua, aliyebanwa chini ya feri au aliyeshikwa na mwenzake anayezama, kuogelea pengine kusingemwokoa. Kosa la kwanza lilikuwa kupakia kupita kiasi, na hilo lisisahauliwe kamwe. Lakini mtoto anayejua kuelea ana dakika chache ambazo mwingine hana, na dakika hizo ndizo mashua hufika.

Basi nimeanza kuwafundisha. Tunaingia wakati wa maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, kamwe si bamvua, inapojaa na kupwa sana, maana mkondo wa Kilindini, mlango wa bahari kati yetu na kisiwa, hauna mzaha. Hatupiti maji ya kifua. Kwanza kuelea chali, kupumua bila pupa. Mikono na miguu baadaye. Nanyi mnaorudi likizo na mabegi ya viatu na simu, nawaomba: leteni jaketi okozi za watoto. Viatu vipo hapa.

Wasichana wameomba saa yao peke yao, na mwalimu wa kike. Wana haki. Natafuta dada au shangazi wa Likoni anayeogelea vizuri, ashike zamu hiyo, na aendelee na wote nikiitwa tena Newport. Anayemjua aniunganishe naye mapema.