Tulivyowanusuru watoto na maji ya floraidi baada ya kuhamia Arusha

Mume wangu ni askari wa JWTZ, na amri ya uhamisho ikitoka unafunga mizigo. Safari hii tulitoka Tanga, tukapanga nyumba upande wa Arumeru. Baridi tuliimudu kwa masweta ya mtumba. Kilichoninyima usingizi ni meno ya watoto wa majirani: yana mabaka ya kahawia, mengine yamemong'onyoka. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Ni maji haya mwanangu, yana floraidi."

Kuchemsha hakusaidii: floraidi ni madini, hivyo maji yanapungua, yenyewe inabaki na kukolea zaidi. Kiwango cha juu cha floraidi kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huku chini ya Mlima Meru vinapita hapo. Anayeumia zaidi ni mtoto ambaye meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, na wangu wako umri huo huo.

Tukatenga maji. Ya bomba ni ya kufulia, kuoga na kudekia. Ya kunywa na kupikia tunakinga ya mvua: gata, simtanki lenye mfuniko, na mvua ya kwanza tunaiacha ioshe vumbi la bati. Kiangazi tunatumia chujio la mkaa wa mifupa, njia inayofanyiwa kazi na kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mkaa huo huchoka, lazima ubadilishwe. Magadi nayo nimeyaacha kabisa kwenye makande, maana yana floraidi pia. Maharage nayaloweka usiku kucha, yanaiva vizuri tu.

Wenzangu mnaohamishiwa huku na watoto wachanga, ulizieni maji kabla hamjalipa kodi ya nyumba.