Zamu, paka na sambaza: ile neno furtive

Kuna neno moja ya Kiingereza ilinikosesha usingizi siku mbili, furtively. Siye huku tulisoma Kifaransa tangu primaire, kwa hiyo ukikutana na furtive kichwa inakimbilia furtif, yaani kimya kimya, unaandika, unaendelea na yako. Njo vile nilifanya.

Mimi natafsiri makaratasi hapa Goma, nayatoa mu Kiswahili nayaweka mu Kiingereza. Siku hiyo wakaniletea maelezo ya zamu moja, yaani mlinzi, wa depo iliyoibiwa usiku, na mzee alisema wazi kabisa: "Nilisikia kitu nyuma ya mabati, nikavua mabote, nikanyata mpaka ku pembe nione ni nani." Miye nikaandika he walked furtively to the corner. Kesho yake yule mwenye kusoma ripoti, Kiingereza njo lugha ya mama yake, akaniita akauliza, huyu zamu alikuwa anaficha nini? Nikamwambia hafichi kitu, alikuwa anafanya kazi yake. Akasema basi umemwandika kama mwizi. Nilisikia baridi mwilini, ju yule mzee hajui Kiingereza hata neno moja, angejitetea namna gani?

Tangu hapo nimekuwa nayachunguza moja moja haya maneno ya Kiingereza ya kufanya mambo kwa siri, na aliyenisaidia kuliko dictionnaire ni paka. Kuna mama mmoja anauza sambaza, wale samaki wadogo, kule Birere, mtaa wa hapa Goma, anazianika ku sinia, na kuna paka ya kijivu nimeiangalia mara nyingi. Inakuja tumbo karibu na udongo, inaweka mguu mmoja, inasimama, masikio mbele, inaweka mwingine. Hapo ni stealthy: ufundi mutupu wa kunyemelea, hakuna hatia ndani. Halafu ikishashika sambaza kwa meno, inamwangalia mama, inaangalia kuume, inamwangalia mama tena, shingo imeingia mu mabega. Sasa hapo njo furtive. Paka ni ileile, dakika haijaisha, lakini sasa kuna kitu inaogopa tujue.

Na kinachonishangaza ni kwamba haya maneno mawili yote yametoka ku wizi. Stealth ni ndugu ya steal, zamani ilimaanisha wizi wenyewe, na furtive inatoka ku Kilatini, fur, yaani mwizi. Mu Kiingereza stealth imeoshwa, imebaki na ufundi tu, furtive ikabaki na dhambi yake, lakini Wafaransa ile furtif yao wanaiweka hata mahali hakuna hatia yoyote. Ndege kama F-117 ya Marekani, ile iliruka mara ya kwanza 1981 na wakaificha watu mpaka 1988, umbo lake na rangi yake vimetengenezwa radari isiione vizuri, Mfaransa anaiita avion furtif na hakuna shida, Mwingereza anasema stealth aircraft. Ukimwambia furtive aircraft ataona ndege yenye aibu! Hata sisi mu Kiswahili tunasema mtu ametupa jicho la wizi, na hajaiba kitu, kwa hiyo si ajabu.

Hizo zingine nitazipita mbio kidogo. Surreptitious naiweka pale mtu anafanya jambo katikati ya watu na anaomba wasione, kama mwanafunzi anayesoma mesaji chini ya banki ya darasa huku anamwangalia mwalimu usoni. Covert ni kitu kimefunikwa, sikia tu couvert ndani yake, na mara nyingi nyuma yake kuna serikali ama jeshi, kuna mpango, kuna bosi. Mtoto anayeiba sukari hafanyi covert, huyo ni sneaky. Sly yenyewe ni tabia ya ujanja, mtu anaweza kuwa sly amekaa tu ku kiti, hajainua mguu. Clandestine ni ya mikutano, ya biashara ya kichini chini, na hapa tena Kifaransa kinatutega, ju yule mtu anajificha mu boti ya Bukavu bila tiketi tunamwita clandestin, lakini Kiingereza kina neno yake kabisa, stowaway.

Ile karatasi ya mzee niliiomba nikaiandika upya mbele ya yule aliyeniita. Nilifikiria stealthily, nikaiacha pia, ingemfanya kama komando, na mzee alisema kunyata tu. Nikaweka he crept quietly to the corner. Na yale mabote, ambayo mara ya kwanza niliyaruka nikidhani hayana maana, nikayarudisha mahali pake.